Timu iliyopoteza mechi zaidi ya 100 inakisukaje kikosi upya kabla ya msimu mpya?

Besi_ya_Tatu

Wakuu, naomba tusaidiane. Chukulieni timu ya MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, iliyomaliza mkiani: orodha ya wachezaji 40 wenye mikataba ya ligi kuu imejaa, bajeti ni ya kawaida tu, na mashabiki wanapiga kelele asajiliwe nyota. Kuanzia fainali ya World Series inapoisha hadi kambi ya mazoezi inapofunguliwa Februari, unaanza na nini na unaacha nini? Na timu mbovu hujichimbia shimo wapi hasa? White Sox wa Chicago wangefaa kuwa mfano, maana mwaka 2024 walipoteza mechi 121.

Daftari40

Mkuu, hesabu viti kwanza, dola baadaye. Msimu ukiendelea, majeruhi walio kwenye orodha ya siku 60 hawahesabiwi kati ya wale 40. Siku tano baada ya World Series orodha hiyo ya majeruhi inafungwa, na wote wanarudi kudai nafasi zao. Waliomaliza mikataba wataondoka na kuacha viti vichache, lakini timu yenye majeruhi sita inaweza kubanwa vilevile.

Katikati ya Novemba inakuja tarehe ya kuwakinga chipukizi na drafti ya Kanuni ya 5, ambapo timu nyingine huwachukua walio nje ya orodha ya 40. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini anahitaji kinga baada ya misimu mitano. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 19 au zaidi, baada ya minne. Kumkinga maana yake ni kumpa kiti kati ya 40, kwa hiyo kila mkongwe asiye na kazi unayembakiza anakaa juu ya kiti cha kijana. Hili ndilo shimo la kwanza.

Siku chache baadaye ni zamu ya wachezaji wa usuluhishi, ambao mshahara wao unaweza kuamuliwa na msuluhishi, wengi wao wakiwa na miaka mitatu ya utumishi lakini hawajafika sita (mwaka wa utumishi ni siku 172). Usipompa mkataba kufikia tarehe hiyo, anakuwa mchezaji huru papo hapo. Jiulize: angekuwa sokoni leo, ungemlipa kiasi hicho? Kama usingemlipa, mwache aende. Na usiku huohuo kesha na majina ya walioachwa na timu nyingine 29, kwa sababu ndani yake huwa kuna mrushaji mmoja au wawili ambao tatizo lao lilikuwa bei tu.

Halafu kuna weiva, foleni ambayo timu nyingine humdai mchezaji aliyeachwa. Mchezaji akiondolewa kwenye orodha ya 40, timu yake ina siku saba za kumuuza au kumpitisha kwenye weiva, na mwenye rekodi mbaya zaidi ndiye anayeanza kuchagua. Kipaumbele hicho kinafuata msimamo wa msimu uliopita mpaka siku 30 za mwanzo za msimu mpya zipite. Yaani wa mwisho kwenye ligi ni wa kwanza kwenye foleni majira yote ya baridi. Asiyekitumia anatupa kitu pekee alichopata kwa kupoteza.

Inningi1458

Daftari kamaliza habari za viti, mimi niongeze za warushaji. Mechi 162 za msimu mara inningi (vipindi) 9 ni 1,458. Warushaji wa kuanza wa sasa hutoka baada ya inningi tano na kitu, kwa hiyo wanakula kama 810 hadi 850. Zilizobaki, zaidi ya 600, ni za warushaji wa akiba. Ukipanga warushaji wa kuanza watano tu, Mei hujafika unampandisha mtoto ambaye bado hajaiva. Panga tisa au kumi: watano wa kuanza, wawili wenye opsheni (unaweza kuwashusha ligi ndogo bila kuwapoteza) wanaosubiri Triple-A, ligi ndogo ya juu kabisa, na waliobaki kwa mikataba ya ligi ndogo yenye mwaliko wa kambini. Mkataba wa namna hiyo hauli kiti mpaka umpandishe mtu.

Kwa warushaji wa akiba angalia opsheni kabla ya kuangalia kasi. Mchezaji kwa kawaida ana miaka mitatu ya opsheni, na ndani ya msimu mmoja unaweza kumshusha mara tano tu. Mrushaji akishuka lazima akae siku 15, isipokuwa anarudi kuziba pengo la majeruhi. Ukiwa na warushaji wanane wa akiba na hakuna hata mmoja mwenye opsheni, mechi moja ikienda inningi 14 kesho yake huna mtu wa kumleta bila kumpoteza mwingine. Hapo timu nyingi mbovu hukwama, halafu lawama anabeba kocha.

Kununua mfungaji mechi (mrushaji wa inningi ya mwisho) wa bei mbaya kwa timu kama hii ni kununua kufuli kabla ya nyumba kuwa na mlango.

Homurani_Tu

Haya yote ni makaratasi. Watu wanakuja uwanjani kuona mpira ukiruka ukuta. Weka nyota mmoja wa dola milioni 25 kwa mwaka, wengine watamfuata.

Daftari40

Homurani, tupige hesabu. White Sox wa 2024 walipata mikimbio (pointi) 507 na kuruhusu 813, pengo la 306. Kwa makadirio ya kawaida mikimbio kumi ni ushindi mmoja. Nyota wa kiwango cha juu anakuongezea ushindi watano, labda sita. Toka ushindi 41, unafika 47. Pesa hiyohiyo ikigawanywa kwa wachezaji wanne wa kawaida, kwenye nafasi nne ambako ulikuwa na watu wasiostahili ligi kuu, inakupa ongezeko linalokaribia hilo, na Julai unaweza kuwauza.

Walichofanya wao Desemba 2024 ni kinyume cha ushauri wako: walimtoa nyota. Mrushaji Garrett Crochet alikuwa ametoka kuwatoa wapigaji 209 kwa straiki ndani ya inningi 146, na alibaki na miaka miwili kabla ya kuwa huru. Boston wakatoa wanne: Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth na Wikelman Gonzalez. Miaka hiyo miwili ndiyo iliyobeba bei. Ukisubiri ibaki miezi sita, unapewa mabaki.

Besi_ya_Tatu

Hapo kwenye kuuza Julai sijaelewa vizuri. Unamsajili mtu ili umuuze?

Inningi1458

Ndiyo, na wala si siri. Erick Fedde alirudi kutoka Korea, White Sox wakampa miaka miwili kwa dola milioni 15 Desemba 2023. Julai iliyofuata akapelekwa St. Louis kwenye biashara ya timu tatu, na Miguel Vargas akatua Chicago pamoja na vijana wengine wawili. Tafuta mrushaji wa kuanza aliyetoka kuumia au aliyebadilisha aina za mirusho yake, mpe mwaka mmoja au miwili, umwahidi nafasi ya kuanza kila siku ya tano. Timu kubwa haziwezi kumpa ahadi hiyo.

Kwa wapigaji usijaze besi ya kwanza. Anza katikati ya uwanja: mdakaji, shotstopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu), uwanja wa kati. Vijana wako wanaorusha mipira ya chini watavunjika moyo wakiona kila mpira unapita katikati ya miguu ya watu. Kwa mdakaji, kumbuka kuwa kuanzia 2026 timu zinaruhusiwa kupinga uamuzi wa mwamuzi kuhusu straiki kwa mfumo wa kompyuta, kila timu ikianza na nafasi mbili. Bei ya mdakaji anayejua tu "kuiba" straiki (kumfanya mwamuzi aite straiki mpira uliopita nje) lazima ipungue kidogo.

Besi_ya_Tatu

Na drafti ya vijana wapya? Si ukiwa wa mwisho unachagua wa kwanza?

Daftari40

Zamani. Tangu 2023 nafasi sita za juu zinapigiwa bahati nasibu, na timu tatu mbovu zaidi zina asilimia 16.5 kila moja. Timu inayochangia mfuko wa kugawana mapato hairuhusiwi kuingia bahati nasibu miaka miwili mfululizo, na inayopokea hairuhusiwi mitatu. Ndiyo maana White Sox, pamoja na vipigo 121, walichagua wa kumi mwaka 2025.

Drafti ya Kanuni ya 5 ndiyo bado ni yako. Ada ni dola 100,000, lakini lazima uwe na kiti wazi kati ya 40 siku hiyo, na mchezaji akae kwenye kikosi cha mechi cha watu 26 msimu mzima, angalau siku 90 akiwa mzima. Ukishindwa, anapitishwa weiva, kisha anarudishiwa timu yake kwa dola 50,000. Timu inayowania ubingwa haiwezi kumvumilia mtu wa namna hiyo, wewe unaweza. Shane Smith alichukuliwa hivyo kutoka Milwaukee Desemba 2024, akiwa chaguo la kwanza kabisa, na Julai 2025 alikuwa kwenye kikosi cha All-Star, mechi ya nyota wa ligi.

Chukua mmoja tu, na awe mrushaji. Kati ya 26 unaruhusiwa warushaji 13. Ukichukua wawili wasioshushika, ile mechi ya inningi 14 aliyoitaja Inningi itakukuta Aprili.