Toleo jipya likibadilisha matokeo ya kazi yako, ni nani alipaswa kukuambia?

Mtakwimu wa Nyawera, Bukavu
Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Mwezi uliopita tulichagua kaya 60 za kuhojiwa huko Bagira. Tulitumia R, programu huria ya takwimu: skripti moja, orodha moja ya kaya, set.seed (amri inayofanya bahati nasibu itoe majibu yale yale) yenye namba ile ile. Karatasi ya wadadisi ilichapishwa kwenye kompyuta ya ofisi, ambayo bado ina R 3.5.1. Msimamizi alichapisha karatasi yake ya ukaguzi kwenye laptopu yangu, yenye toleo jipya. Jina la kwanza kwenye karatasi ya wadadisi lilikuwa la mama mmoja anayeuza sambaza. Jina la kwanza kwenye karatasi ya msimamizi lilikuwa la fundi wa baiskeli, upande wa pili wa kilima. Msimamizi akabisha hodi kwa fundi, fundi akasema hajaona mdadisi yeyote. Vijana wawili wakaambiwa wamejaza fomu chini ya mti wa avoka bila kufika kwa watu, wakasimamishwa siku hiyo hiyo.

Sababu niliipata usiku wa tatu: kuanzia R 3.6.0, sample(), amri ya kuchagua kwa bahati nasibu, inachagua kwa njia nyingine. Swali langu ni hili: wanaotengeneza programu huria wana wajibu gani wa kuhakikisha habari ya mabadiliko kama hayo inamfikia anayeitumia?

Fundi wa Birere, Goma
Pole kwa vijana. Lakini dada, iliandikwa. Fungua NEWS ya 3.6.0, orodha yao ya mabadiliko, iko chini ya kichwa cha mabadiliko makubwa ambayo mtumiaji atayaona, na wameeleza hata namna ya kurudi kwenye njia ya zamani. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na wewe hukuinama. Halafu hiki ni kitu cha bure. Mtu anakupa jasho lake, nawe unataka akuletee na taarifa mpaka mlangoni?

Mwana wa Kadutu
Bure! Neno hilo ndilo linalonichoma. Kusasisha R na paketi zake kunamaliza mega zangu za wiki. Mega nanunua mimi, mafuta ya jenereta nanunua mimi, na kazi ikiharibika nakosa mshahara mimi. Bure kwa nani?

Fundi wa Birere, Goma
Mega huwalipi wenye R, unawalipa watu wa simu. Usichanganye mambo.

Mwana wa Kadutu
Sichanganyi. Umemjibu yaya wangu, dada yangu mkubwa, kama mtu anayemfukuza ombaomba kwenye kibaraza.

Katuba Daima, Lubumbashi
Shida iko kwenye neno lenyewe. "Bure" ni kitu ulichopewa bila kulipa, na ni kitu kisicho na faida. Tunasema mtu bure, kazi bure. Mimi nilipeleka ripoti ofisini, mkuu wangu akauliza programu imenunuliwa bei gani. Nikamwambia ni ya bure. Akaisukuma pembeni, akasema tuandikie bajeti ya ile ya kulipia. Tangu siku ile nasema "huria" tu: una uhuru wa kuitumia, kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kumgawia mwenzako. Bei ni jambo jingine kabisa.

Mwana wa Kadutu
Hilo nakubali. Ila mkuu wako hakukosea sana. Ya kulipia ina mtu wa kumpigia simu.

Katuba Daima, Lubumbashi
Umewahi kumpigia? Utasubiri mpaka betri iishe. Tusidanganyane kwamba kulipa kunanunua ukweli.

Fundi wa Birere, Goma
Haya, iwe huria. Jibu langu halibadiliki. Ukifungua R, kabla hujaandika herufi moja, inakuambia haina dhamana yoyote, na imeandikwa kwa herufi kubwa. Umeisoma, umeendelea, basi umekubali.

Mtakwimu wa Nyawera, Bukavu
Asante kaka kwa kunikumbusha mistari hiyo, maana hoja yangu iko hapo hapo. Naiona kila asubuhi. Inaniambia namba ya toleo, tarehe yake, hata jina lake la utani: 3.6.0 iliitwa "Planting of a Tree". Kwa hiyo wanajua kabisa macho yangu yanaanzia wapi. Mstari mmoja pale, kwamba sample() sasa inatoa majibu tofauti na ya zamani, ungewaokoa vijana wale.

Na liko linaloniumiza zaidi. R ina onyo kuhusu jambo hili hili, ila linatokea pale unapoirudisha njia ya zamani kwa mkono wako. Anayejua ndiye anayeonywa. Asiyejua anaendelea na safari yake akiwa na orodha nyingine mkononi. Nimeinama mvunguni, ndugu yangu, nimekuta giza.

Mwandishi wa Skripti, Lubumbashi
Wangebadilisha namba ya kwanza, kila mtu angejua. Utaratibu wa namba tatu ambao Tom Preston-Werner aliuandika unasema hivyo: ukivunja kitu, ya kwanza inapanda, ukiongeza kitu, ya katikati, ukirekebisha kosa, ya mwisho. Na kama sikosei hawa walibadilisha, ilikuwa R 4.

Mwalimu wa Himbi, Goma
Hapana mwanangu, ya sample() ni 3.6.0, Aprili 2019. Iliyokuja na 4.0.0, Aprili 2020, ni stringsAsFactors (kugeuza maneno ya data kuwa makundi) kuwa FALSE, yaani kuzimwa, bila kuombwa. Kwa hiyo lile lililobadilisha orodha za sampuli lilipita kwenye namba ya katikati. Lakini R haijawahi kuahidi kufuata utaratibu huo, hatuwezi kuwashika kwa ahadi ambayo hawakuitoa.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa ya haki. Njia ya zamani ilikuwa na upendeleo kwa sababu ya kukadiria namba. Orodha ikiwa kubwa mno, wengine walipata nafasi zaidi ya wengine. Mtakwimu mwadilifu hawezi kuacha hivyo.

Kuhusu onyo, nina wasiwasi. Mwaka 2020 dplyr 1.0.0, paketi ya R ya kupanga data, ilianza kuandika ujumbe kila ukitumia summarise(), amri ya muhtasari, kwenye data iliyogawanywa kwa makundi. Siku ya kwanza darasa zima liliinua mikono: "Mwalimu, nimeharibu nini?" Baada ya wiki mbili hakuna aliyeutazama. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Mtakwimu wa Nyawera, Bukavu
Mwalimu, shikamoo. Ujumbe ule haukubadilisha jibu la mtu. Huu wangu ulibadilisha. Anayeutengeneza anajua tofauti hiyo kuliko mimi, ndiyo maana namdai yeye.

Mchora Ramani, Goma
Mimi niko upande wa QGIS, programu huria ya kuchora ramani, na nawasifu. Kila toleo wanatoa ukurasa wa mabadiliko wenye picha: dirisha lilivyo sasa, kitufe kiko wapi. Mtu asiyejua Kiingereza anatazama picha anaelewa. Hata hivyo, Februari 2018 ilipokuja 3.0, ikahamia kwenye misingi mipya, Python 3 na Qt 5, viendelezi vya zamani (programu ndogo za kuongezea) viligoma. Mei 2021 lava ya Nyiragongo iliposhuka mpaka Buhene, mwenzangu alikuwa bado amebaki na 2.18 kwa kuogopa kupoteza kiendelezi kimoja, na faili zetu hazikusikilizana usiku ambao kila mtu alitaka ramani. Picha zilikuwepo. Hakuna aliyemwonyesha.

Halafu tuzungumze lugha. Kompyuta yangu iko kwa Kifaransa. R inanikatalia dhamana kwa Kifaransa safi kabisa. NEWS, yenye habari inayonihusu, ni Kiingereza kitupu.

Fundi wa Birere, Goma
Nani amekuzuia kutafsiri? Si ni huria?

Mchora Ramani, Goma
Hakuna aliyenizuia. Nilishatafsiri kurasa tatu, usiku, kwa mshumaa. Wewe umetafsiri ngapi?

Katuba Daima, Lubumbashi
Mtatafsiri kwa Kiswahili gani? Sisi tunasema ordinateri, nyinyi mnaandika kompyuta. "Kusasisha" nimelijua kwa kusikiliza redio ya Dar es Salaam.

Mwana wa Kadutu
Sasa Katanga mnataka kutufundisha Kiswahili?

Katuba Daima, Lubumbashi
Sijasema hivyo. Nimesema mama yangu, ambaye anaweka hesabu za duka kwa LibreOffice, hatajua "kusasisha". Ukimwambia "programu imebadilika, fanya hivi", anafanya. Mbona unakasirika?

Mwana wa Kadutu
Nimekasirika kwa sababu kila tukitaka kufanya kitu kwa lugha yetu, mtu anauliza "lugha gani" mpaka kazi inalala. Andika kama unavyoongea na mama yako. Mimi nitaelewa.

Mwandishi wa Skripti, Lubumbashi
Tutafsiri yale yanayobadilisha majibu tu. NEWS nzima ni ndefu, hakuna atakayeimaliza. Kwa 3.6.0 ingekuwa mistari minne, inaingia kwenye ujumbe wa simu bila kula mega.

Mwalimu wa Himbi, Goma
Hiyo minne nitaiandika mimi kesho baada ya vipindi. Mtakwimu, hujatuambia: vijana wale walirudishwa kazini?

Mtakwimu wa Nyawera, Bukavu
Mmoja amerudi. Nilikwenda kwao mimi mwenyewe na karatasi zote mbili, nikamweleza mbele ya baba yake, maana maneno yalikuwa yameshafika mpaka kanisani. Mwingine amehamia Uvira kwa mjomba wake. Simu inaita, hapokei.

Fundi wa Birere, Goma
Dada, hilo la kanisani sikulijua. Nilijibu kama tunazungumzia faili. Nisamehe. Bado naamini waliotengeneza waliandika panapostahili, lakini nisamehe.

Mtakwimu wa Nyawera, Bukavu
Yamekwisha, kaka.

Mwana wa Kadutu
Yaya, skripti za mwaka 2018 ninazo nyingi, na wafadhili wanataka orodha zile zile zitoke tena. Ile RNGversion("3.5.0"), amri ya kurudisha njia ya zamani, naiweka kabla ya set.seed au baada yake?

Mtakwimu wa Nyawera, Bukavu
Kabla. Na itakuandikia onyo, usishtuke.