Nyinyi mnaopeleka vitoto vya miaka miwili kwenye mchezo wa ng'ombe, mna akili timamu?

Assalamu alaikum wana jukwaa.

Hili jambo nimelinyamazia tangu juzi nikidhani hasira zitashuka. Hazikushuka. Naandika kama lilivyo, na anaetaka kununa anune.

Kaskazi imeshika, na huku Pemba michezo ya ng'ombe imeanza vijijini. Kwa wenzetu wa Unguja na wa bara wasioujua: dume linafungwa kamba ndefu, linachokozwa kwa guo, vijana wanalikwepa, zumari inalia, wanawake na kanga zao wanaimba, na ng'ombe hauawi, jioni anarudi zizini kwake. Wazee husema tuliachiwa na Wareno. Kuna wanaoucheza kuombea mvua, kuna wanaokwenda kwa tafrija tu. Ukitaja Pujini, Chwale au Wingwi, mtu wa huku anajua unazungumzia nini. Mie si katika wale wanaotaka upigwe marufuku. Nikisikia zumari miguu hainitulii. Kwa hiyo msije mkanijibu ati nimetumwa na watu wa haki za wanyama.

Ninaowasema ni wazazi.

Juzi, kijiji sikitaji, mchezo haujapamba moto bado, dume limefungwa kwenye mnazi linahema, povu linaning'inia mdomoni. Akatokea baba mmoja na mwanawe, mtoto sidhani kama keshatimiza miaka mitatu, kavalishwa kanzu na kofia kama anaepelekwa maulidini. Simu mkono huu, mtoto mkono huu. Baba huyo moja kwa moja hadi ubavuni mwa ng'ombe, anamnyanyua mtoto ashike nundu. Mtoto kakunja miguu mpaka magoti yanagusa kidevu, kakunja na vidole, hataki. Analia kile kilio cha kukosa pumzi. Baba anacheka: "Mshike! Mwanamme weye, mwanamme haogopi ng'ombe!" Na watu wanacheka. Mama mtu yuko pembeni anasema, "Mgeuze uso, hatoki vizuri." Hatoki vizuri kwenye video, ndio wasiwasi wake.

Mie nilikuwa namtazama ng'ombe. Sikio moja limeshageuka upande wa mtoto, na mkia uliokuwa ukifukuza nzi umetulia. Kizee mmoja aliekaa kwenye gogo ndie aliewahi kuona. Akapiga ukelele, "Mtoeni huyo mtoto!" na hapo hapo dume likarusha kichwa.

Halikumpata mtu, kamba ilikuwa fupi. Lakini baba alifanya nini? Alimtua mtoto chini, palepale penye pembe, akaruka nyuma na simu yake. Naam, mmesoma sawa. Kijana mmoja katika wachezaji ndie alieingia akamzoa mtoto kwa ukosi wa kanzu. Na haikupita muda video ikawa kwenye stetasi ya WhatsApp, imekatwa kabla ya ule ukelele, imeandikwa "simba wa baba".

Simba wa baba! Na aliekimbia ni baba.

Sasa tuzungumze. Ng'ombe wetu hawa wa nundu si wakubwa kama wa Ulaya, lakini dume lililokomaa ni kilo 250, na mengine yanafika 300. Mtoto wa miaka mitatu ana kilo 14 hivi. Msimamishe chini uone kichwa chake kinafika wapi: ni palepale pembe inapopita ng'ombe akiinama kupiga. Mtu mzima akipigwa anapigwa paja au nyonga, atachechemea, atauguza, baadae atahadithia barazani. Mtoto anapigwa kichwa au tumbo. Na wala si lazima iwe pembe, kwato moja kifuani inatosha. Halafu yupo kijijini, si mjini, itafutwe gari ya mtu, barabara zenyewe mnazijua, na akihitaji kupasuliwa ni safari nyengine tena kutoka pale.

Halafu kuna hii imani kwamba ng'ombe ana ugomvi na rangi nyekundu. Nimeisikia palepale: "Mtoto kavaa nyeupe, hana neno." Ng'ombe hiyo nyekundu haioni kama tunavyoiona sisi. Kinachomshtua ni kitu kinachotikisika. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa na pale mbele ya pua yake, na kupima umbali si hodari. Kwa hiyo kitu kidogo kinachorusha miguu na kupiga makelele ubavuni mwake, yeye hajui kuwa ni mtoto wa fulani. Na huyu si yule ng'ombe wa nyumbani anaefungwa chini ya mwembe, aliezoea sauti za watu wa nyumba. Huyu kaletwa achokozwe. Kazi yote ya mchana ule ni kumtia hasira, na wewe unampelekea mwanao ampapase!

Nikiuliza naambiwa, "Si kafungwa?" Kafungwa, ndio, lakini kamba ya mchezo imewekwa ndefu ili apate kukimbia. Ikikatika, au wanaoishika wakiteleza, wa mstari wa mbele ndio wa kwanza. Wachezaji wanalijua hilo, kila mmoja keshatazama mti wa kuparamia kabla zumari haijalia. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwengine mkononi ataparamia mti gani?

Najua kuna atakaesema wapo wanaowazoesha watoto wao wanyama tangu wachanga. Wapo. Wengi mnamkumbuka Steve Irwin, yule Mwaustralia wa mamba kwenye televisheni. Januari 2, 2004, huko Queensland, mbele ya watazamaji, alimshika mwanawe wa mwezi mmoja kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anamlisha kuku mamba wa karibu mita nne. Dunia ikamjia juu. Akajitetea kwamba mamba wake anamjua na mtoto hakuwa hatarini. Hakushitakiwa, lakini serikali ya kule ikakaza kanuni zake kuhusu watoto kuingia kwenye mabanda ya mamba. Na yule ni mtu aliekulia katika bustani ya wanyama ya wazazi wake, mamba ndio kazi aliyoifanya tangu utotoni. Bado watu walimwambia hapana. Sasa wewe muuza vocha, wewe fundi seremala, wewe mwalimu wa skuli, ng'ombe wa mchezo unamuona kaskazi kwa kaskazi, ujuzi wako uko wapi?

Na Irwin huyo huyo, Septemba 4, 2006, aliuawa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Mwiba wa kifua. Mamba wote wale, nyoka wote wale, akaja kumalizwa na taa, huyu tunaemkuta mnadani sokoni kila asubuhi.

Nimemtaja taa makusudi, kwa sababu kuna watakaonielewa vibaya wadhani nataka watoto wafungiwe ndani. Wavuvi wetu hawawafichi watoto wao taa. Mtoto anaonyeshwa taa keshakufa, keshakatwa mwiba, anaonyeshwa ulipokuwa, anaambiwa huu ukikuchoma utalia usiku kucha. Akikua akaanza kushuka pwani maji yakitoka, anafundishwa aburure miguu kwenye mchanga asiinyanyue, taa asikie mtikisiko aondoke mwenyewe. Sijapata kumuona mvuvi anaemkamata mwanawe mkono akamgusisha taa mzima ati atoke woga. Na ng'ombe ni hivyo hivyo. Vijana wa huku wanachunga tangu wadogo, lakini wanaanza na ndama, mtu mzima yupo, na mtoto keshapata miguu ya kukimbilia na akili ya kufahamu akiambiwa ondoka hapo. Wa miaka miwili hana hata kimoja katika hivyo viwili.

Kumtoa woga! Woga gani wa kumtoa? Katika umati wote uliosimama pale, waliomfahamu yule ng'ombe ni kizee wa kwenye gogo na mtoto mwenyewe. Mtoto alisema kwa kila kiungo chake kwamba hapa si salama, na baba akamcheka mbele za watu kwa kuwa na akili kuliko yeye.

Ukienda msitu wa Jozani, Unguja, kutazama kima punju, mnyama anaekula majani, utaambiwa usimsogelee, usimguse, usimpe chakula, na kuna mtu wa kukutembeza. Huku tuna dume la pembe, limechokozwa makusudi, na hapana hata kamba ya pili ya kuwarudisha watu nyuma.

Wenye michezo nanyi mnanisikia. Yule mtangazaji mwenye kipaza sauti anaetaja majina ya waliotunza pesa, ataje na hili: vitoto ambavyo havijaanza skuli vikae nyuma kabisa, penye nyumba au penye ukuta, na ng'ombe asiguswe na mtoto, mchezo ukiwa haujaanza wala ukiisha. Masheha wawepo na wasimamie, wasije kukaa viti vya mbele tu. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, na kumlinda mtoto mle ni wajibu wa mzazi, si hisani. Sisemi mtu afungwe. Nasema akija na kichanga mstari wa mbele, zumari inyamaze mpaka atoke. Mtaona atakavyotoka mbio, umati utamtoa wenyewe.

NYONGEZA, saa tatu usiku:

Majibu nimeyasoma.

Mnaosema "sisi tulipelekwa wadogo na tuko hai mpaka leo": ni kweli, walio hai ndio wanaoandika humu.

Ulieandika kwamba ajali ni kadari ya Mungu na mtoto hafi kabla ya siku yake, nami naiamini kadari. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na yule bwana juu ya ngamia wake, alimwambia amfunge kisha atawakali. Hakumwambia amwache. Sasa wewe umeshika tawakali, kufunga umemwachia nani?

Mnaodai nawaonea kina baba, rudini juu msome tena habari za mama na uso wa kutoka vizuri. Hapana niliemwacha.

Kuna alieuliza mbona siwasemi wanaotia watoto chatu shingoni kwa picha za watalii kule Unguja. Nalo ni baya, fungua uzi wake nitakuja kuchangia. Hapa tumalize la ng'ombe kwanza.

Na wanaotaka jina la kijiji: sitalitaja, kwa sababu mkijua kijiji mtajua mtoto, na mtoto hana kosa. Mlio na ile video msiibandike humu. Msiisambaze kokote, hata kwa kumcheka baba, maana uso ulio mle ni wa mtoto.

Wewe uliekuja faraghani ukaniambia yule bwana ni shemeji yako na ameudhika: vizuri, audhike. Mwambie pia kwamba nimesikia wiki ijayo kuna mchezo mwengine kijiji cha pili. Aende, acheze na yeye akitaka, mtoto abaki kwa bibi yake.