Nimepiga Windows upya, imejiita E: badala ya C:. Niiache au niibadilishe?

Bi_Takwimu

Habari zenu wakuu. Kompyuta yangu ya mezani ina diski mbili: ile ya zamani ya kuzunguka, ambayo siku hizi inagonga-gonga nikifungua faili kubwa, na SSD mpya (diski ya kasi isiyozunguka) niliyoichomeka pembeni yake. Nilitaka Windows 10 ikae kwenye SSD. Sikuanzia kwenye flashi. Nikiwa ndani ya Windows ya zamani nilifungua setup.exe iliyomo kwenye folda ya sources, nikachagua SSD, ikafanya kazi yake hadi mwisho.

Sasa Windows mpya iko E:, na C: bado ni ile diski mgonjwa. Inafanya kazi vizuri, ina kasi, sina malalamiko isipokuwa hiyo herufi. Nimeingia Disk Management (kidirisha cha Windows cha kusimamia diski) nibadilishe, imekataa katakata. Kuna video inafundisha kufungua rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows), kwenda MountedDevices na kubadilishana majina ya \DosDevices\C: na \DosDevices\E:. Mbona inaonekana rahisi mno? Ndiyo maana nimeona niulize kwanza.

Halafu kuna programu yangu ya stoo. Aliyeiandika hapatikani tena, na data zake inazisoma C:\STOO tu, haina mahali pa kubadilisha. Diski ya zamani nataka kuitoa kabla haijakata roho. Nianzie wapi?

kitasa

Chomoa diski ya zamani, washa kwa flashi, piga upya. Ukiwashia kwenye flashi Windows mpya inajipa C: yenyewe. Biashara imeisha.

Bi_Takwimu

Kitasa, nimeshaweka programu zote, printa, leseni, kila kitu. Kupiga upya iwe njia ya mwisho kabisa.

Fundi_Bila_Haraka

Dada, hiyo video iache. Nitakueleza kwa nini, kisha nikuoneshe jambo linalonitia wasiwasi kuliko herufi.

Herufi haijaandikwa kwenye diski. Kila Windows ina daftari lake la kusema patisheni hii (kipande hiki cha diski) naiita nani, na daftari hilo ndilo MountedDevices. Ulipoanzisha setup ukiwa ndani ya Windows ya zamani, ilikuta SSD tayari inaitwa E:, ikairithi hivyo hivyo. Setup inayowashwa kwa flashi haina cha kurithi, kwa hiyo inajipa C:. Hakuna kilichoharibika hapo.

Ila tangu dakika ya kwanza Windows yako imekuwa ikiandika "E:\" kila mahali: kwenye rejistri, kwenye njia za mkato, kwenye mafaili ya mipangilio ya kila programu uliyoweka. Ukibadilisha daftari peke yake, maandishi hayo yote yanabaki yakielekeza kwenye nyumba iliyohamwa. Mfano mmoja tu: kwenye ufunguo wa Winlogon kuna mstari wa Userinit, ndio unaokufungulia skrini ya kazi (desktop) baada ya nywila, na una njia kamili yenye herufi ndani yake. Njia hiyo ikikosea, unaandika nywila na kuishia kwenye skrini nyeusi, au unatolewa nje papo hapo. Hata Microsoft wanaoeleza utaratibu huo wa rejistri wanausema kwa ajili ya kurudisha herufi iliyohama yenyewe, si kwa kuhamisha Windows iliyozaliwa na herufi nyingine.

Na zile programu za kutafuta "E:\" na kuweka "C:\" kwenye rejistri nzima? Zinaokota mengi, haziokoti yote. Kwangu mimi kompyuta iliyobadilika nusu ni mbaya kuliko inayoitwa E:.

Sasa wasiwasi wangu. Fungua diskmgmt.msc (ndiyo ile Disk Management), usitazame herufi, tazama maneno yaliyo chini ya kila patisheni. Neno "Boot", yaani penye Windows inayofanya kazi, litakuwa kwenye E:. Niambie neno "System", yaani penye mafaili ya kuwashia, liko diski ipi. Usichomoe chochote kabla hujanijibu.

mzee_wa_disketi

Zama za XP hili lilikuwa jambo la kawaida. Mashine ikiwa na kisomaji cha kadi za kumbukumbu, kila tundu linajinyakulia herufi hata likiwa tupu, na Windows inaangukia G: au H:. Watu tulifanya kazi na G: miaka. C: yenyewe ni urithi tu, A: na B: zilikuwa za disketi. Mwache Fundi aendelee.

Bi_Takwimu

Nimeangalia. "Boot" iko E: kwenye Disk 1. Neno la "EFI System Partition" liko Disk 0, yaani ile ya zamani! Kwenye SSD halipo popote.

Fundi_Bila_Haraka

Ndicho nilichokihofia. Setup ilikuta mafaili ya kuwashia yapo kwenye diski ya zamani, ikaongeza yake humo humo. Ungeichomoa leo, SSD yako isingewaka. Na ikifa yenyewe usiku, hali ni hiyo hiyo.

Nakili kwanza STOO na kila kitu chako mahali pa tatu. Kisha fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kwa ruhusa ya msimamizi, andika diskpart, halafu list disk. Mstari wa Disk 1 uwe na nyota kwenye safu ya Gpt (mpangilio wa diski unaohitajika hapa). Kama haina, simama hapo uniambie. Kama ipo, endelea:

select volume E
shrink desired=300
create partition efi size=260
format quick fs=fat32
assign letter=S
exit

Kisha, nje ya diskpart, andika mafaili ya kuwashia kwenye patisheni hiyo mpya ya S::

bcdboot E:\Windows /s S: /f UEFI

Ikijibu kwamba mafaili yameundwa, zima, chomoa diski ya zamani, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uiweke SSD iwe ya kwanza, washa. Usiifomati ile ya zamani hata kama una hasira nayo, iweke kando.

Angalizo: ikibidi uwashe kwa flashi kurekebisha kitu, usiamini herufi utakazoziona kule. Mazingira yale yanajiita X: na zingine yanazigawa yanavyotaka. Andika dir uone folda ya Windows iko wapi kabla ya kutoa amri yoyote.

kitasa

Na kwa stoo: diski ya zamani ikishatoka, C: itakuwa wazi. Tumia subst, amri moja tu unaifanya folda yoyote iwe C:.

Fundi_Bila_Haraka

Subst itamchosha. Inafutika akizima mashine, na programu akiifungulia kwa ruhusa ya msimamizi huenda isiione hiyo C: kabisa. Bora apunguze E: kidogo tena, aunde patisheni ndogo ya kawaida ya NTFS, aipe herufi C:, aweke STOO humo. Patisheni hiyo haina Windows, kwa hiyo Disk Management haitamkatalia.

Bi_Takwimu

Nyota ilikuwepo, amri zote zimepita. Diski ya zamani iko nje na mashine imewaka bila kunung'unika. Nimeunda C: ya GB 10, nimerudisha STOO, programu imefungua na data zake zote. Swali dogo: S: bado naiona kwenye orodha, niiache?

Fundi_Bila_Haraka

Ondoa herufi tu, patisheni yenyewe usiifute. Diskpart, select volume S, remove letter=S. Itaendelea kuwasha bila jina.