Mshiko unaachia kabla mgongo haujachoka: nijenge vipi vigasha na nguvu ya vidole?

MtuWaVyuma ameuliza:

Salaam, wakuu. Mimi hunyanyua vyuma mara tatu kwa wiki, na kwa sehemu kubwa ya mwili ninaridhika na hatua niliyofikia. Tatizo langu liko chini ya viwiko. Ninapoinua chuma cha kilo 120 kutoka sakafuni, miguu na mgongo vinakuwa bado na uwezo wa kuendelea, lakini kufikia rudio la tano kidole kidogo na cha pete huanza kufunguka vyenyewe, chuma huteremka kuelekea ncha za vidole, na ninalazimika kukitua kabla sijamaliza seti. Wakati huohuo vigasha vyangu, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, vimebaki vyembamba ilhali mikono ya juu imejaa, kiasi kwamba nikivaa shati la mikono mirefu lililokunjwa nusu hakuna anayeamini kuwa ninafanya mazoezi.

Nimekuwa nikitumia kibanio cha springi, na sasa ninaweza kukibana mara nyingi mno bila kupumzika, lakini chuma bado kinanitoka. Jimu, mmoja ananiambia nisiguse kabisa mikanda ya kufungia mkono kwenye chuma, na mwingine ananiambia mikanda hiyo ndiyo dawa. Naomba kujua: je, unene wa vigasha na nguvu ya mshiko hujengwa kwa mazoezi yaleyale? Na misuli hii ifanyiwe kazi mara ngapi kwa wiki, maana nasikia wengine wakisema kila siku? Niongeze kwamba upande wa nje wa kiwiko cha kulia huniuma kidogo siku inayofuata mazoezi ya mgongo.

MshikoImara amejibu:

Ndugu, kibanio chako hakina ubaya, ila kinakufunza kazi ambayo si ile inayokushinda. Kushika kuna namna zake. Kuna kubana, ambako vidole hujifunga kwa nguvu kuelekea kiganjani, na hiyo ndiyo kazi ya springi. Kuna kuhimili, ambako vidole vimekwisha kufungwa na kazi yake ni kukataa kufunguliwa na uzito. Hapo ndipo ulipokwama. Na kuna kufinya, ambako gumba hukabiliana na vidole vingine vilivyonyooka, kama unapoinua sahani ya chuma kwa kuikamata ukingoni. Mtu anaweza kuwa hodari katika namna moja na dhaifu katika nyingine. Isitoshe, springi unayoweza kuibana mara nyingi hivyo imekuwa nyepesi kwako, na sasa inakujengea ustahimilivu kuliko nguvu.

Kabla hujaongeza zoezi lolote, tazama chuma kinakaa wapi mkononi. Wengi hukikumbatia katikati ya kiganja kwa kudhani kuwa ndiko salama zaidi, lakini uzito ukianza kuvuta, chuma huteremka hadi kwenye mkunjo ambako vidole vinaanzia, kikikokota ngozi njiani, na sugu huchanika kwa sababu hiyo. Kiweke kwenye mkunjo huo tangu mwanzo, vifunge vidole, kisha lipitishe gumba juu ya kidole cha shahada na cha kati. Paka na chaki ya magnesiamu ikiwa jimu yenu inairuhusu, kwa kuwa jasho peke yake linaweza kukunyima marudio mawili ambayo misuli ilikuwa nayo.

Baada ya hapo, katika rudio la mwisho la seti yako ya mwisho usikitue chuma mara moja. Simama nacho kwa sekunde 10 hadi 15, mabega yakiwa yametulia. Siku nyingine chukua dambeli mbili nzito, moja kila mkono, utembee nazo mita 20 au 30 kwa hatua fupi bila kuzibembeza. Malizia kwa kuning'inia kwenye chuma cha juu, na ukifikisha dakika moja bila kutapatapa, tundika taulo mbili juu ya chuma hicho na uning'inie kwa kuzikamata hizo.

Taulo hilohilo linaweza pia kuzungushiwa chuma ili kukiongezea unene. Chuma cha wanaume cha kunyanyulia vitu vizito katika Olimpiki kina kipenyo cha milimita 28, kwa hiyo gumba huvifikia vidole na kuvifunga kama kufuli. Kikifika karibu milimita 50, gumba halivifikii tena na kazi yote inabaki kwa vidole. Thomas Inch, mnyanyua vyuma wa Uingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa na dambeli ya kilo 78 hivi, uzito ambao wewe mwenyewe unaupita kwa mbali. Lakini kishikio chake kilikuwa na unene wa takriban sentimita 6, na watu wenye nguvu nyingi walishindwa hata kuitenganisha na sakafu kwa mkono mmoja.

Kuhusu mikanda, mimi siipendi. Mshiko hauwezi kukua ikiwa kila mara kuna kitu kinachoshika badala yake.

NyuziNyama amejibu:

Maelezo ya mshiko ni mazuri, lakini nusu ya swali bado haijajibiwa, kwa sababu ndugu yetu ameuliza pia kuhusu unene. Kwa maoni yangu kuning'inia na kubeba huongeza nguvu ya vidole vizuri sana, ila huongeza unene wa kigasha kwa kiasi kidogo tu, kwa kuwa msuli hubaki katika urefu uleule muda wote. Ukitaka ujae, uupitishe katika mwendo wake wote chini ya uzito, kama ulivyoifanya misuli ya mkono wa juu.

Kigasha kina misuli takriban 20, lakini kwa mnyanyua vyuma inatosha kuigawa katika sehemu tatu. Upande wa kiganja iko misuli inayokunja kifundo na vidole. Hii ndiyo yenye nyama nyingi zaidi. Upande wa mgongo wa mkono iko ile inayoinua kifundo na kunyoosha vidole. Upande wa gumba uko brakioradialisi, msuli unaoanzia juu kidogo ya kiwiko na kuishia karibu na kifundo, ambao ukijaa ndio unaokipa kigasha umbo lile pana karibu na kiwiko. Huu wa mwisho haushughuliki na vidole kabisa. Kazi yake ni kukunja kiwiko, hivyo hata ukining'inia hadi kesho hautapata kazi ya maana. Unataka ukunje mkono ukiwa umeshika dambeli gumba likitazama juu, au ukunje chuma huku viganja vikitazama chini. Kwa njia hii ya pili tumia uzito mdogo kuliko unaoutumia viganja vikitazama juu, na usikubali kifundo kilegee na kuanguka.

Kwa upande wa kiganja, kaa kwenye benchi, laza vigasha juu ya mapaja viganja vikitazama juu, acha vifundo vining'inie mbele ya magoti. Teremsha chuma polepole hadi kibingirike kwenye vidole vilivyofunguka nusu, kisha vifunge vidole kwanza ndipo ukunje kifundo. Wengi huruka hatua ya vidole na kurusharusha chuma kwa mwendo mfupi wa juu tu, wakati kazi nzito iko kule chini. Seti tatu za marudio 12 hadi 20 zinatosha. Geuza viganja vitazame chini, punguza uzito kwa zaidi ya nusu, na ufanye upande wa pili vivyo hivyo.

Upande huo wa pili hudharauliwa kwa sababu hauna sifa, na hapo ndipo mshiko wenyewe unapoharibikia. Fanya jaribio hili sasa hivi: kunja kifundo kuelekea ndani kadiri kinavyoweza, halafu jaribu kukaza ngumi. Haikazi, kwa kuwa misuli ya vidole imekwisha kufupishwa na kifundo na haina tena nafasi ya kuvuta. Sasa kiinue kifundo kidogo kuelekea mgongo wa mkono, na ngumi itafunga barabara. Misuli ya mgongo wa kigasha ndiyo inayokiweka kifundo katika mkao huo, na ikichoka, kifundo kinakunjamana na vidole vinafunguka. Huenda sehemu ya tatizo lako la rudio la tano iko hapo.

Mara mbili kwa wiki inatosha kwa mtu ambaye tayari anavuta vitu vizito, na mara tatu ndiyo mwisho. Na ni haki ujue kwamba urefu wa nyama ya msuli na wa kano ni wa kurithi: mwenye nyama inayoishia mapema na kano ndefu kuelekea kifundoni ataongeza unene karibu na kiwiko, lakini kifundo chake kitabaki chembamba vilevile.

MtuWaVyuma:

Nashukuru sana. Nimejaribu lile la ngumi nikiwa mezani na kweli mkono ulikataa. Naomba nifafanue kuhusu kiwiko: maumivu yako kwenye mfupa wa nje, na huongezeka ninapoinua kitu kwa kiganja kinachotazama chini. Ganzi sina. Je, niache kwanza haya yote hadi yaishe?

TibaMaungo amejibu:

Ndugu, mtu hawezi kupimwa kwa maandishi, kwa hiyo chukua haya kama mwongozo tu. Misuli inayoinua kifundo hushikamana na mfupa huohuo wa nje wa kiwiko kwa kano ya pamoja, na kano hiyo hulalamika inapopewa kazi nyingi kuliko ilivyozoea. Nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, kisha inua kidole cha kati huku ukikizuia kwa mkono mwingine. Ikiwa maumivu yanatokea palepale kwenye mfupa, kano hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Kuacha kila kitu si lazima, na mara nyingi hakusaidii, kwa kuwa kano isiyopewa kazi hudhoofika na maumivu hurudi siku unayoanza tena. Punguza uzito, usiondoe kazi. Fanya zoezi la viganja kutazama chini kwa dambeli nyepesi mno, ukitumia mkono mwingine kuusaidia kupanda na kuuacha mkono unaouma uteremshe peke yake kwa sekunde tatu au nne. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika ikiwa kufikia kesho yake asubuhi yamerudi kiwango cha kawaida. Yakizidi, uzito ulikuwa mkubwa. Kwa sasa weka kando taulo na vishikio vinene, ambavyo ndivyo vinavyoikaza kano hii zaidi.

Kano hukomaa polepole kuliko misuli, na ndiyo sababu shauri la kufanya kila siku ni la hatari: misuli itakwambia iko tayari wakati kano haiko tayari. Ukiona ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, au kwenye kidole kidogo na cha pete, au ukianza kuangusha vitu vyepesi, nenda kwa daktari, maana hapo suala ni la neva. Na unaposimama na chuma au kubeba dambeli, usizuie pumzi muda wote. Kushikilia uzito bila kutembeza kiungo hupandisha shinikizo la damu, na mwenye tatizo la shinikizo aongee na daktari wake kabla hajaanza mazoezi ya namna hiyo.

Kuhusu mikanda, ninatofautiana na MshikoImara. Kwa mtu mwenye kiwiko kinacholalamika, kufunga mikanda katika seti nzito za mgongo kwa majuma kadhaa ni njia ya kuipumzisha kano bila kuunyima mgongo kazi.

MshikoImara:

Kwa kiwiko kinachouma sina ubishi. Kitakapopona, fanya seti zote za kupasha mwili na seti ya kwanza nzito kwa mikono mitupu, na mikanda ifungwe tu pale mshiko unapokuwa ndio unaokuzuia. Usikimbilie kugeuza kiganja kimoja mbele ili chuma kisibingirike. Mkono uliogeuzwa ndio ambao kano ya msuli wa mbele wa mkono wa juu huchanika, hasa kwa anayekunja kiwiko anapovuta. Ni afadhali ujifunze kulifungia gumba ndani ya vidole, kama wafanyavyo wanyanyua vyuma wa Olimpiki. Gumba litauma mwanzoni, kwa hiyo anza na uzito wa kupashia mwili.

Mazoezi ya vigasha yawe mwisho wa siku ya mgongo, wala yasiwe siku inayotangulia, la sivyo utafika kwenye chuma vidole vikiwa vimekwisha kuchoka. Anza na kilo 100, usimame nazo. Ukizimudu kwa sekunde 15 katika mazoezi mawili mfululizo bila kidole kidogo kufunguka, ongeza kilo 2.5.