Angakkuq wa Wainuit ni sawa na mganga wetu?

MsomajiWete: Assalamu alaykum. Naandaa somo la mila za Wainuit, wenyeji wa Aktiki kule kaskazini kabisa ya dunia, kwa skuli hapa Pemba. Nimeandika "angakkuq ni mganga wa Wainuit", mwenzangu kanambia si sawasawa. Tofauti iko wapi khasa? Na hadithi zao zisizoandikwa zinaaminika?

KilingeNgoma: Waalaykum salaam. Mwenzako ana haki. Wanafunzi wakisikia mganga watafikiria ngoma ya sheitani: mwele ndiye kiti, pepo anampanda, fundi anazungumza naye. Angakkuq katika kazi yake kubwa hapandwi, yeye ndiye anayeondoka.

Chukua mfano alioupata Knud Rasmussen, mtafiti wa mila za Wainuit, upande wa Igloolik, kaskazini ya Kanada, safari ya 1921–1924. Sili hawaonekani, watu wana njaa. Angakkuq anakaa nyuma ya pazia, taa zinazimwa, na waliohudhuria wanalegeza kila kitu kilichofungwa nguoni, mpaka kamba za viatu. Roho yake inashuka kwa Mama wa Bahari, ambaye kisiwa cha Baffin, huko huko Kanada, wanamwita Sedna na kwengine Nuliajuk. Huyu alikatwa vidole na babake, vikageuka sili na wanyama wengine wa bahari, basi hawezi kujichana. Kila mwiko uliovunjwa humganda nyweleni kama uchafu. Angakkuq humchana mpaka hasira zishuke.

Usiishie hapo darasani, tafadhali! Akirudi, watu hukiri mmoja mmoja mbele ya wote nani kavunja mwiko upi. Ukikiacha kipande hiki, watoto watadhani ni ngano ya kitana tu.

BintiMkoani: Naongeza ramli yao ya zamani, qilaniq. Mtu hulazwa, ukanda wa ngozi ukazungushwa kichwani, angakkuq akauliza na kuvuta. Kichwa kikiwa kizito hakinyanyuki, jibu ni ndiyo. Kikija chepesi, siyo. Hakuna bao wala mchanga, kwa hiyo usichore mistari ya ramli yetu pembeni.

Kuhusu hadithi, tenganisha mbili. Ya Sedna ina namna nyingi: pengine mumewe ni ndege, pengine mbwa. Andika imetoka wapi, usizichanganye. Habari za mambo yaliyotokea ni jengine. Mwaka 1861 msafiri Mmarekani, Charles Francis Hall, alisimuliwa na Wainuit huko Baffin juu ya meli za nahodha Mwingereza, Martin Frobisher, za 1576–1578: mwanzo chache, mwisho nyingi, na wazungu watano waliobaki nyuma. Maandishi ya Waingereza yanasema hayo hayo, mabaharia watano walipotea 1576 na meli 15 zikaja 1578. Karibu miaka 285 kwa mdomo tu!

Ndiyo maana habari hizo usizifungulie kwa "paukwa". Mtoto akishajibu "pakawa" keshajua ni ngano.

MsomajiWete: Shukran sana. Ngoma yao je? Nataka kuitengeneza kwa duara la mbao.

KilingeNgoma: Qilaut: ngozi upande mmoja, mkono mfupi wa kushikia. Ikikauka ikakaza mno, ipanguse maji. Kwa Wainuit wa Kanada ya kati fimbo hugonga ukingo wa mbao, huku ngoma ikigeuzwa huku na huku. Watoto wetu watakimbilia kupiga ngozi, waonyeshe mapema.