Majirani wa Bombani, Walukuba (Jinja, Uganda): mchango wa mbwa wetu Shaba

ALHAMISI

[06:41] Mama Achieng: Majirani hamjambo. Shaba hayuko sawa. Jana alimaliza beseni zima la maji nikadhani ni jua, akarudi kudai jingine. Usiku ametapika. Asubuhi hii nimemwekea vichwa vya mukene (dagaa), amenusa tu akageuza shingo. Tumbo limejaa, na mimba hana. Nani ana namba ya daktari wa ng'ombe wa kule Masese?

[06:44] Mama Hadija Dukani: Bambi, maskini Shaba! Nakutumia sasa hivi.

[06:46] Baba Treva: Mpe diklofenaki kwanza mama, apunguze maumivu.

[06:47] Wasswa: HAPANA. Shikamooni wazee, samahani kwa herufi kubwa. Mama Achieng, usimpe diklofenaki, wala ibuprofeni, wala Panadol. Dawa za maumivu za watu zinamharibu mbwa tumbo, ini na figo. Mwachie maji tu. Mara ya mwisho aliingia kwenye joto lini?

[06:49] Mama Achieng: Marahaba mwanangu. Mwezi uliopita hivi, pale madume ya mtaa mzima yalipohamia mlangoni kwangu.

[06:50] Wasswa: Anatokwa na uchafu wowote nyuma?

[06:52] Mama Achieng: Hapana, pakavu kabisa.

[06:52] Wasswa: Basi daktari aje leo. Usisubiri kesho, mama.

[09:23] Mama Achieng: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:48)

[09:26] Mzee Juma: Jamani mimi sauti hazifunguki kwenye simu yangu. Amesema nini?

[09:28] Sista Grace: Shikamoo mzee. Daktari amekuja, amembonyeza tumbo Shaba akalia. Anashuku mji wa mimba umejaa usaha. Hana mashine ya kupiga picha, amesema apelekwe Kampala leo hii, akilala hapa huenda asiamke. Mama amekwenda stendi, makondakta wa taksi wote wamekataa kupakia mbwa. Spesho, zile gari za kukodi, wanamtajia bei ya harusi.

[09:31] Musa wa Mkate: Mimi saa tano naenda Kampala kuchukua unga. Nyuma ya gari ni tupu. Mama aandae blanketi na jerikani ya maji. Mafuta asiniulize, safari ilikuwepo tu.

[09:32] Mama Achieng: Mungu akubariki Musa 🙏🏾🙏🏾

[09:40] Wasswa: Nitawapokea hapa Kampala, Wandegeya. Kuna kliniki ya wanyama niliyofanyia mazoezi ya kazi, wana mashine ya ultrasaundi na chumba cha upasuaji. Leteni kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, wataiomba mlangoni.

[11:17] Mama Achieng: Kadi nimeisahau!! Tumeshavuka daraja. Hadija, ufunguo uko kwa Achieng. Kadi iko ndani ya bati la biskuti juu ya kabati.

[11:29] Mama Hadija Dukani: 📷 Hii hapa. Stika ya mwaka huu ipo na sahihi ya daktari ipo. Pembeni imelowa mafuta kidogo ila inasomeka.

[12:52] Musa wa Mkate: Mukono, foleni. Tulisimama Namawojjolo, wale wauza kuku wamekimbilia dirishani na vijiti vyao vyote, harufu imejaa gari. Shaba hakuinua hata sikio. Hapo ndipo nilipoogopa.

[15:48] Wasswa: Majirani, naandika kwa kirefu ili kila mtu aelewe, maana mama yuko hapa analia na hawezi kuandika.

Picha imethibitisha. Jike asiyefungwa kizazi, kila akitoka kwenye joto, homoni ya mimba inapanda mwilini hata kama hakupandwa. Ukuta wa mji wa mimba unanenepa, unatengeneza majimaji, na bakteria wakiingia wanapata pa kustawi. Mara nyingi hutokea ndani ya miezi miwili baada ya joto. Mlango wa kizazi ukibaki wazi usaha unatoka nje na mtu anauona mapema. Wa Shaba umefunga, ndiyo maana kulikuwa pakavu, na ndiyo maana ni hatari zaidi: usaha hauna pa kutokea. Unaweza kupasukia tumboni. Sumu imeshaanza kuingia kwenye damu, figo zinahangaika, na kile kiu cha maji kimetoka hapo.

Sindano za antibayotiki peke yake hazitamponya. Inabidi afunguliwe, mji wa mimba utolewe wote pamoja na ovari. Sasa hivi yuko kwenye dripu, maana mbwa aliyekauka maji hivi hawezi kuhimili usingizi wa dawa.

Gharama: upasuaji 600,000. Picha na vipimo vya damu 120,000. Dripu na dawa 130,000. Kulazwa 50,000. Jumla ni 900,000. Wanaomba nusu, 450,000, kabla ya kuanza. Daktari anataka kuanza saa moja jioni.

[15:51] Mzee Juma: Laki tisa.

[15:55] Mama Achieng: Nina 150,000 niliyokuwa naweka ya bati la jikoni. Nina na 200,000 ya kununulia mukene Jumamosi. Nitatoa zote.

[15:57] Afande Okello: Mama Achieng, mtaji usiguse. Ukila mtaji, wiki ijayo utakuwa na mbwa mzima na nyumba haina chakula. Mimi nimelinda kambi za polisi miaka mingi na mbwa wa kazi nawajua. Huyu hakufundishwa na mtu, lakini watoto wetu wanaacha jerikani kwenye foleni ya bomba saa kumi na moja alfajiri wanarudi kulala, na hakuna jerikani iliyopotea tangu alipoanza kulala pale. Huyo ni mbwa wa bomba. Bomba ni letu sote. Natoa 50,000. Sista Grace, fungua orodha.

[15:59] Sista Grace: Nafungua. Tumeni kwenye namba ile ile ya kikundi, jina litakalotokea ni langu. Likitokea jina jingine, acheni. Nitalipa kliniki moja kwa moja kwa namba yao ya malipo, hatutoi taslimu, kwa hiyo hatukatwi ile nusu asilimia ya kodi ya kutoa pesa kwenye simu. Mimi 50,000.

[16:02] Mama Hadija Dukani: 30,000. Nyuki wangu ni mtoto wa Shaba, nitamwangaliaje usoni.

[16:06] Baba Treva: Naomba niseme, na msinikasirikie. Treva amerudishwa nyumbani tangu Jumatatu kwa sababu ya ada. Anakaa mlangoni anaangalia wenzake wakipita na mabegi. Sikuona orodha ikifunguliwa. Leo mbwa kaugua, kabla ya saa moja kuisha tuna laki na zaidi. Shaba nampenda. Lakini imeniuma.

[16:07] Ujumbe huu umefutwa

[16:15] Mama Achieng: Baba Treva, hujakosea. Mimi napita mlangoni kwako kila siku na beseni kichwani na sikuuliza kwa nini mtoto yuko nyumbani. Kama majirani wataona ada itangulie, sitamlaumu mtu.

[16:18] Haji Ramadhani: Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Ada ya mtoto haiwezi kuwa nyuma ya mbwa, na mbwa hawezi kusubiri hadi Jumapili. Tusivipiganishe vitu viwili. Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu, ufunguo mmoja uko kwangu. Kanuni inasema sanduku linakopesha kwa elimu na ugonjwa wa mtu, na la mnyama halimo. Basi mchango wa Shaba utoke mifukoni, kwa hiari. Ada ya Treva tuifungulie sanduku Jumapili baada ya ibada zenu, mkopo bila riba, alipe taratibu. Wenye funguo nyingine mwaafiki?

[16:19] Afande Okello: Ninaafiki.

[16:20] Sista Grace: Naafiki. Baba Treva, njoo na barua ya shule inayoonyesha salio.

[16:24] Baba Treva: Asante Haji. Asanteni.

[16:25] Haji Ramadhani: Na la pili. Mnajua kwangu mbwa haingii, na mate yake yakinigusa naosha. Hilo halibadiliki. Lakini tangu madrasa tumefundishwa habari za yule msafiri aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno akapanda nacho, akamnywesha mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu. Mola akamsamehe. Andika 40,000.

[16:58] Rehema (Dubai): Shikamoo baba, shikamooni wote. Nimetoka kazini ndiyo nasoma. Nilipokuwa naondoka kwenda uwanja wa ndege saa tisa usiku, Shaba ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani. Natuma 150,000 sasa hivi. Sista nithibitishie ikifika.

[17:09] Sista Grace: Imefika Rehema, Mungu akulinde huko.
Mama Achieng 150,000
Afande Okello 50,000
Sista Grace 50,000
Mama Hadija 30,000
Haji 40,000
Rehema 150,000
JUMLA 470,000. Nimeshalipa 450,000 kliniki, risiti hii 📷

[19:04] Wasswa: Ameingia.

[19:40] Mzee Juma: Kuna habari?

[20:15] Mama Hadija Dukani: Bado?

[20:51] Wasswa: Ametoka. Anapumua mwenyewe. Mji wa mimba wa mbwa una pembe mbili, kwa kawaida nyembamba. Za Shaba zilikuwa zimenenepa kama ndizi bogoya, kila upande. Daktari alizifunga kwa utaratibu mno zisipasuke, zimetoka zima zima, hakuna tone lililomwagikia tumboni. Usiku huu ndio mgumu, presha na figo. Nitalala hapa na mama.

[20:53] Afande Okello: Wasswa, umekuwa mtu mzima kijana wangu.

IJUMAA

[07:12] Mama Achieng: Amefungua macho. Amenilamba mkono mara moja akalala tena.

[07:13] Mama Hadija Dukani: 😭😭😭

[07:14] Musa wa Mkate: Alhamdulillah!

[08:30] Sista Grace: Vijana wa stendi ya boda wamepitisha kofia, 65,000. Mzee Juma 20,000. Mwenyekiti wetu wa mtaa (LC1) 50,000. Na watoto wa bombani wameniletea kopo la sarafu, nimezihesabu mbele yao mezani, 3,700. Wamedai niandike "watoto wa bombani", siyo jina la mzazi yeyote. Nimeandika hivyo.

[13:45] Sista Grace: Manesi wenzangu wa wodini 80,000.

[16:20] Mama Achieng: Wenzangu wauza samaki wa Masese wamenipigia. Wamechangishana 120,000, naye kiongozi wao amesema nisimnunulie mtu soda ya asante.

[16:33] Sista Grace: Jumla sasa 808,700. Tumebakiza 91,300.

[16:41] Wasswa: Nimezungumza na daktari. Amekubali salio lilipwe siku ya kutoa nyuzi, baada ya siku 10 hadi 14. Daktari wa Masese anaweza kuzitoa, msirudi huku kwa hilo. Mkojo wa Shaba umeanza kuwa wa kawaida. Amekula kuku aliyechemshwa, kidogo, ila amekula!

[16:44] Mama Achieng: Salio nitalilipa mimi. Mukene ya wiki hizi mbili itatosha. Msichange tena, tafadhali, mmenitosha.

JUMAMOSI

[10:05] Musa wa Mkate: Nawachukua saa sita. Barabarani nitakwepa mashimo.

[10:22] Wasswa: Maagizo, yasomwe na kila mwenye mtoto. Shaba amevaa kola ya plastiki shingoni, msimvue hata akiwaangalia kwa huruma, akilamba mshono utaachia. Asiruke, asikimbizane na watoto. Antibayotiki saa moja asubuhi na saa moja jioni. Dawa ya maumivu (ya mbwa, imepimwa kwa uzito wake) mara moja kwa siku saa nne asubuhi, akishakula. Mshono ukivuja, ukinuka au ukivimba, nipigieni simu, msiandike hapa mkasubiri.

[10:30] Mama Achieng: Ya saa nne ndiyo tatizo, saa hizo niko Masese kwenye mitumbwi.

[10:34] Baba Treva: Treva yuko nyumbani. Kesho atampa yeye, nitasimama naye. Jumatatu anarudi shule.

[10:36] Sista Grace: Kuanzia Jumatatu mimi, nikitoka zamu ya usiku.

[10:39] Mama Hadija Dukani: Wasswa mwanangu, na Nyuki? Ana mwaka mmoja na nusu, joto amepata mara mbili.

[10:47] Wasswa: Huyo afungwe kizazi akiwa mzima, aunti, kabla ya joto lijalo. Upasuaji wa mbwa mzima ni mfupi, hauhitaji kulazwa wala dripu za namna hii, na gharama yake iko chini sana. Daktari wa Masese anaufanya. Kuna watoto wangapi majike wa Shaba hapo mtaani?

[10:49] Mama Hadija Dukani: Wangu, wa Mwenyekiti, na yule mweusi wa stendi ya boda.

[10:52] Mwenyekiti LC1: Wangu niandike. Nitamuuliza daktari kama akija siku moja kwa wote watatu atatupunguzia.

[10:53] Afande Okello: Wa stendi hana mwenyewe. Nitamsimamia mimi.

[10:58] Wasswa: Wote watatu wasile kuanzia usiku wa kuamkia siku hiyo. Na kadi za chanjo ziwe tayari. Mama Hadija, ya Nyuki iko wapi?

[10:59] Mama Hadija Dukani: Naitafuta.