Naomba ushauri: nimeambiwa nipunguze uzito, msukumo wa kuendelea siupati

Mama wa Tabata
Habari zenu wakuu. Nina miaka 36, watoto wawili, na duka la vitenge Kariakoo, kwa hiyo kutwa nzima nimekaa. Urefu wangu ni sentimita 162, uzito kilo 94. Nimepima presha ikasoma 150 kwa 95, na kila nikirudia haishuki. Daktari anasema nikipunguza hata kilo chache presha itaitikia.

Elimu ninayo. Najua chipsi mayai za usiku hazinifai, najua faida ya kutembea. Kinachonishinda ni moyo. Naanza Jumatatu kwa nguvu zote, ikifika Alhamisi mvua imenyesha, mtoto ana homa, nimechoka, basi imeishia hapo. Na nikipungua kidogo tu, mama mkwe anauliza kama naumwa au kama mwanawe hanitunzi. Wateja nao wananisifia unene, wanasema biashara imekubali.

Nani alipata sababu iliyomshika mpaka leo? Chai za kukata tumbo sitaki.

Muuguzi Moro
Pole dada, na hongera kwa kupima. Nipo kliniki ya presha na sukari. Ushauri wangu: usisubiri moyo uje ndipo uanze. Wagonjwa wetu wanaofika mbali wengi ni wale waliokwisha panga saa na mahali, hawaamki asubuhi kujiuliza leo nina hamu au sina.

Daktari wako yuko sahihi. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaleta nafuu kwenye presha na sukari, na kwako hizo ni kama kilo 5 hadi 9. Huhitaji kurudia umbo la usichana.

Mizani inakatisha tamaa, kwa hiyo fuatilia presha. Pima mara moja kwa wiki, saa ileile, uandike kwenye daftari. Kaa dakika tano kwanza, umeegemea kiti, miguu sakafuni usiikunje nne, mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, usiongee. Usipime ukiwa umetoka kupanda ngazi au kunywa kahawa. Ukiona namba zinashuka, moyo utaupata hapo.

Mzee wa Raba, Temeke
Daftari sawa, lakini daftari halikugongei mlango. Tafuta kikundi cha joging mtaani kwenu, Dar vimejaa. Huku kwetu Jumamosi alfajiri usipotokea unapigiwa simu, na wapo akina mama wa umri wako wanaotembea tu nyuma ya wakimbiaji, hakuna anayewacheka. Mimi ni watu ndio walionifikisha hapa.

Kijana wa Makumbusho
Acha kula usiku, funga siku tatu kwa wiki, utapungua. Mambo mengi ya nini?

Muuguzi Moro
Mdogo wangu, huyu ana presha. Asianze kufunga hivyo bila kuongea na daktari wake. Kula mapema usiku na kupunguza sahani ni sawa kabisa.

Bi Mkubwa, Tanga
Mwanangu, umeuliza sababu, nami nitakujibu hiyo. Dada yangu alipata kiharusi kutokana na presha. Nilimuuguza mimi. Usiku unaamka kila baada ya saa mbili kumgeuza ili mgongo usifanye vidonda, unamlisha uji kwa kijiko huku unamfuta mdomo, na yeye akili yake nzima, anaona kila kitu, anatoa machozi. Nina binti mmoja. Sikutaka aje anigeuze mimi kitandani. Tangu hapo hakuna mtu anayenihimiza kutembea.

Kuhusu mama mkwe, usimfiche. Kaa naye, mwoneshe cheti cha presha, mwambie, "Mama, nataka nikae na wajukuu zako." Akishaelewa, yeye ndiye atakayekuondolea chapati ya tatu mezani.

Na usijipikie chungu chako peke yako, utachoka. Nyumba nzima ile kitu kimoja: nusu ya sahani matembele, mchicha au bamia, robo wali au ugali, robo samaki au maharage. Tui liwe jepesi, chumvi ipungue. Soda kwenu iwe ya sikukuu. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi sukari ya kuongeza isizidi kama vijiko sita vya chai kwa siku, na chupa moja ya soda inaweza kupita hapo.

Mama wa Tabata
Bi Mkubwa, nimesoma maneno yako nikiwa dukani, nimelia. Shikamoo mama, na asante. Leo jioni naongea na mama mkwe.

Jumamosi za joging siwezi, ndiyo siku ya biashara. Nimewaza asubuhi nishukie Ilala Boma, nitembee kwa mguu mpaka dukani. Inatosha kweli?

Muuguzi Moro
Inatosha kuanzia. Lengo la mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama, nenda hospitali.

Mzee wa Raba, Temeke
Vaa raba njiani, viatu vya kupendezea wateja viache dukani. Na utoke mapema, ikipita saa mbili jua la pale halina huruma.